Jina, Bado

Bi Batuli aliniita kwa sababu ya ukuta.
"Waumwa," akasema. "Tazama, una choa."
Kweli: ukuta wa uani, upande wa nyumba ya jirani,
ulikuwa umejaa mabaka ya rangi ya chungwa,
duara limeingia ndani ya duara, kingo zimenyanyuka
kama chapati iliyosahauliwa juani.
Harusi ya mjukuu ilikuwa wiki mbili mbele.
Fundi Chiriba keshaleta brashi ya waya na ndoo ya chokaa.

Nikaomba siku tatu.
"Za nini?"
"Za kuijua kwa jina."
Akacheka hadi mtandio ukamvuka begani.
"Ugonjwa nao huamkiwa?"

Miaka thelathini na mmoja nimesomesha kemia,
nimewataja mbele ya watoto wote wasioonekana kwa macho,
na huyu aliyekaa usawa wa pua yangu
nimenywa kahawa chini yake kila Ijumaa, hapa Kibokoni,
bila hata hujambo.

Lenzi ni ya marehemu mume wangu, fundi saa.
Ina mkwaruzo mmoja; nauzunguka.
Ndani ya lenzi, baka si baka:
ni vijisahani, kila kimoja na ukingo wake mwembamba,
vimesongamana kama viti vya kukodi.
Kuvu amejenga nyumba. Mwani, ndani, anapika jua.
Kuvumwani, wasema wenye kamusi,
na jina lenyewe ni ndoa
ambayo hakuna aliyeuliza mahari.

Tone la Jiki: kimya.
Tone la magadi makali ya sabuni, kwa ncha ya kijiti:
papo hapo chungwa likageuka zambarau,
zambarau ya ulimi wa mtoto
anayeapa hakupanda mti wa watu.
Nikapiga ukelele. Paka akaruka birika.

Kitabu cha kuazima kina picha sabini na mbili.
Ya arobaini na tatu inafanana,
ila ile ilipigwa penye theluji,
juu ya jiwe lisilowahi kulambwa na chumvi.
Inafanana kama binamu: pua ileile,
tabia sijui.
Kalamu ikakauka mkononi.

Siku ya tatu Chiriba alikuja mapema, brashi kwapani,
akasimama.
"Mwalimu, umeona hapa haipandi?"
Akapapasa kwa kiganja, kama anayetafuta homa.
"Jiwe la matumbawe yalitaka. Chokaa ya kale yaitaka.
Simiti, haitii mguu."

Tukarudi nyuma hadi migongo ikagusa birika,
na hapo ndipo tukaona:
katikati ya chungwa lote
mstatili wa kijivu, mtupu,
urefu wa mtu na kilemba chake,
upana wa mabega mawili.
"Mlango huo," akasema Chiriba.

Bi Batuli alikuwa nyuma yetu na kikombe.
Hakukinywa.
"Wa kwenda kwa dada yangu, Mwanajaka.
Tulikuwa tukipitishiana chumvi hapo.
Kisha nikautia simiti.
Mimi. Si yeye."

Mwaka hakuutaja.
Nilikuwa nimepima mabaka ya ukingoni kwa rula,
na kiumbe hiki hakina haraka:
upana wa ukucha, na mtoto ameshakuwa mzazi.
Nikahesabu moyoni. Zipo hesabu
zisizofaa kusomwa kwa sauti.

Kuta tatu zilipakwa chokaa. Wa nne ukaachwa.
Wageni wakadhani pesa zimeisha.
Kadi moja ya mwaliko ilivuka feri kwenda Likoni;
kama ilijibiwa, mimi sikuambiwa.

Katika daftari langu imeandikwa hivi:

*Kuvumwani. Chungwa. Vijisahani vyenye ukingo.
Jiki: hakuna. Magadi: zambarau.
Matumbawe, ndiyo. Simiti, la.
Uani kwa Bi Batuli, ukuta wa mashariki,
kuuzunguka mlango.
Jina: bado.*